Siku ya Kuwauliza Wanyama

Mmeniomba, ninyi vijana wa ofisi ya mifugo, niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya pikipiki za ofisi, na kabla wafugaji hawajaanza kutuma picha za kinyesi cha ng'ombe kwenye simu. Nimekubali, ila vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitaandika juu ya wanyama, na juu ya watu wawili: Mzee Hoza, aliyenifundisha kazi, na Bi Nakijwa, aliyenionyesha kwamba sikuwa nimeijua.

Nilipangiwa upande wa Mtae nikiwa bado nanukia chuo. Nilishuka kwenye lori la viazi na sanduku langu, na koti jeupe ambalo kufikia jioni ya siku hiyo lilikuwa limekwisha kuwa la rangi nyingine. Watu wa huko walikuwa wamezoea kumwita mwenye kazi hii "bwana mifugo", na hawakuona sababu ya kubadili neno kwa ajili ya sketi yangu. Miaka yote nimeamkiwa "Shikamoo, bwana mifugo" na nimeitikia marahaba bila kinyongo. Mwanzoni iliniuma kidogo. Baadaye nilimcheka mgeni yeyote aliyeshangaa.

Mzee Hoza alikuwa mhudumu wa mifugo, Msambaa mwembamba aliyetembea milimani kama anayeshuka hata pale alipokuwa anapanda. Asubuhi yangu ya kwanza alinipeleka kwenye boma la ng'ombe wa kienyeji, akaniambia niingie nisimame katikati.

"Nifanye nini, mzee?"

"Usifanye kitu, mwanangu. Simama wakukague."

Alifunga lango, akaenda kunywa chai. Nilisimama karibu saa nzima. Ng'ombe walikuwa kumi na kitu. Kwanza walinipuuza, kisha mmoja aliacha kutafuna na kunitazama, halafu wa pili, halafu wote. Hakuna aliyenisogelea. Mtu hajui ukimya ni nini mpaka ng'ombe kumi na kitu waache kucheua kwa wakati mmoja kwa sababu yake. Nilijisikia kama niko kwenye usaili wa kazi ambayo sikuwa nimeiomba. Mzee Hoza aliporudi, walikuwa wamegeuza vichwa na kuendelea na mambo yao.

"Umepita," alisema. "Sasa lete sindano."

Vifaa vyetu vilikuwa sindano za kuchemsha, kipima joto kimoja ambacho kila mtu alikiogopa kwa jinsi kinavyotumika, koleo la kuhasi, na kamba ya katani. Kamba ndiyo niliyoipenda. Ukiizungusha vizuri mwilini mwa ng'ombe, ukavuta pole pole bila hasira, analala mwenyewe kama aliyeshikwa na usingizi. Mzee Hoza aliniambia kwamba mtu anayehitaji wanaume wanne kumlaza ng'ombe mmoja hajui kamba, anajua ugomvi. Nimewaona baadhi yenu na wanaume wenu sita. Sisemi kitu.

Siku za mvua tulipokwama njiani tulibishana. Mimi nilikuwa na madaftari ya chuo. Nilimweleza jinsi watu wa kale walivyokamata ndama wa porini, wakawachinja wakali na kuwazalisha wapole, vizazi kwa vizazi, mpaka akatokea ng'ombe huyu wa nyumbani. Mzee Hoza alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Na ng'ombe, wao wanafundishana nini kuhusu sisi?" aliuliza.

Yeye aliamini hakuna mnyama aliyekamatwa. Kuku alifuata makombo. Mbuzi alifuata chumvi kwenye majivu na mahali watu walipokojoa, kwa hiyo, alisema, usinieleze habari za ujanja wa babu zetu, siku hiyo babu yetu alikuwa amesimama nyuma ya kibanda anakojoa tu. Paka aliingia mwenyewe na mpaka leo hajaamua. Na ng'ombe, alisema, alisimama pembezoni mwa msitu muda mrefu sana, akatazama moshi wetu, akatutazama sisi, na mwisho akaja. "Aliyekuja mwenyewe anaweza kuondoka mwenyewe. Hilo usilisahau ukiwa na cheti chako."

Nilicheka. Nilikuwa na umri wa kucheka.

Miaka ilikwenda. Mzee Hoza alistaafu akarudi kwao Mlalo kulima kabichi. Mimi nilibaki na kata tatu na magonjwa yake yote. Nimevuta ndama waliokaa vibaya tumboni, mkono umeingia mpaka begani, mvua inanipiga mgongoni na mwenye ng'ombe anasali kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Niliwahi kutumia asubuhi nzima kumtibu mbuzi aliyevimba, na mwishowe ikajulikana kwamba amekula kitambaa cha meza cha harusi. Lakini kesi iliyonibadilisha ilianza vizuri kabisa, kwa karatasi na mihuri.

Tulipata mitamba ya maziwa, ng'ombe jike ambao hawajazaa, ya mradi wa kuwagawia akina mama wa kikundi. Kwenye kitongoji kimoja juu ya Mtae, nyumba ya mwisho kabla ya msitu wa Shagayu, aliishi Bi Nakijwa, mjane wa Kimbugu anayelea wajukuu wawili. Wambugu ni watu wa ng'ombe tangu asili, na niliona hakuna mtu anayestahili kuliko yeye. Mtamba wake alimwita Zawadi. Alikuwa pia na mbuzi wanne na kondoo dume mmoja mzee aliyejiona mwenyekiti wa kijiji. Masharti ya kikundi yalikuwa makali: ng'ombe akae bandani, aletewe majani, na akifa kwa uzembe wa mwenyewe, nyumba hiyo haipewi mwingine.

Tulipomaliza banda, imara, la mabanzi yaliyobanana, Bi Nakijwa alilizunguka mara mbili.

"Bwana mifugo, mlango wa upande wa msitu uko wapi?"

"Haupo, Bi Nakijwa. Wa nini?"

Akanieleza bila kusita, kama mtu anayemweleza mwenzake mahali anapoweka chumvi. Kwao, kila mwaka ukungu wa baridi unaposhika, kuna alasiri moja ya kuwauliza wanyama. Kamba zote zinafunguliwa. Lango la upande wa msitu linaachwa wazi. Mtu mmoja wa nyumba anasimama uani na chumvi kiganjani. Wanyama wanakwenda. Anayerudi mwenyewe na kulamba mkono huo ni wa nyumba hiyo kwa mwaka mwingine. Asiyerudi hafuatwi, wala hasemwi vibaya.

"Wewe si Mlutheri?" niliuliza.

"Jumapili nakaa benchi la pili. Hii si ibada, mama. Ni adabu."

Nikamkataza. Nataka mlielewe hili, kwa sababu sababu zangu zilikuwa nzuri. Msituni kuna kupe, na mtamba wa maziwa akipata ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, anaweza kufa ndani ya siku chache. Nilimwambia kwamba akimfungua Zawadi hata mara moja, nitaandika kwenye taarifa. Aliniangalia, akasema "Haya", na akatii. Mwaka huo hawakuulizwa. Mwaka wa pili pia. Zawadi alizaa, ndama wa kwanza akapewa mama mwingine wa kikundi kama masharti yalivyotaka, naye akatoa maziwa mazuri, na wajukuu walivaa viatu vya shule vilivyonunuliwa kwa maziwa hayo. Nilimtaja Bi Nakijwa kwenye mikutano kama mfano.

Mwaka wa tatu, ukungu ulipoanza, aliniita.

Zawadi alikuwa amesimama ameelekeza kichwa kwenye ukuta wa nyuma, upande wa msitu. Hori lilikuwa limejaa majani ya guatemala, hayajaguswa. Nilipima joto, lilikuwa sawa. Mapigo ya moyo sawa. Nilichukua damu na kinyesi, majibu yakarudi safi. Bi Nakijwa akasema, "Watazame na wengine." Mbuzi wote wanne walikuwa wamesimama hivyo hivyo, wameelekea huko huko. Kondoo naye vilevile. Hakuna aliyelia. Nilipiga makofi, nikapiga debe kwa fimbo. Hakuna aliyegeuza hata sikio, na mnyama anaweza kukunyima vyote lakini sikio hugeuka lenyewe.

Niliinama kuangalia ukuta ule. Banzi moja, mbele ya pua ya Zawadi, lilikuwa limelambwa mpaka likawa na shimo laini kama bakuli. Nikafurahi. Mnyama anayelamba mbao anakosa madini, hilo liko kitabuni. Nikaandika "upungufu wa madini", nikaenda nyuma ya banda kutazama kama banzi limedhoofika.

Nje kulikuwa na shimo lingine. Banzi lile lile, kimo kile kile, limelambwa laini vilevile, kutokea upande wa msitu.

Nikatazama chini. Nyuma ya banda ardhi ilikuwa ya tope, na tope halikuwa na alama ya kwato yoyote. Nilirudi ndani nikamwambia Bi Nakijwa nitaleta jiwe la chumvi la dukani. Nililileta, nikalitundika. Juma lililofuata lilikuwa halijaguswa. Zawadi mbavu zilikuwa zinahesabika, maziwa yamebaki ya kikombe kimoja. Shimo la ndani lilikuwa vilevile. La nje lilikuwa limezidi kina.

"Akifa huyu," Bi Nakijwa alisema, "sina kitu kingine. Unajua."

Nilijua. Nilijua pia kwamba karatasi ya kusema amekufa kwa uzembe ingekuwa na sahihi yangu. Usingizi ulinipotea kabisa. Nikapanda gari mpaka Mlalo kumtafuta Mzee Hoza.

Nilimkuta anafunga kabichi kwenye magunia. Amezeeka, lakini bado anatembea kama anayeshuka. Nilimwamkia, nikamweleza yote, hata banzi. Hakucheka.

"Hujawaacha waulizwe, huu mwaka wa tatu."

"Mzee, nilikuwa naogopa kupe."

"Kupe uogope, ndiyo. Kupe ana dawa." Alifunga gunia lake, akakaza fundo. "Umemkataza mtu kugonga mlango, sasa unashangaa anasimama dirishani. Nenda ukawafungue. Na chumvi ushike wewe. Aliyekataza ndiye anayeshika."

Nilimnyunyizia Zawadi dawa ya kupe kuanzia masikioni hadi kwatoni. Sikuwa nimeacha shule yangu kabisa. Kisha tuling'oa mabanzi matatu ya ukuta wa nyuma. Ilikuwa alasiri, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Shagayu mpaka sikuweza kuona viatu vyangu. Bi Nakijwa alinimwagia chumvi kiganjani, ya mawe, imejaa.

"Usiwaite. Usiwashike. Usitaje jina la yeyote. Na usifunge mkono mpaka wote wamekwisha."

Akaenda kuwafungua, kisha akakaa mlangoni mwa nyumba, mahali ambapo kila anayerudi lazima apite. Nilisikia kamba zikianguka. Nilisikia kwato zikitoka, pole pole, kama watu wanaotoka msikitini bila haraka. Kisha sikusikia kitu. Hata ndege hawakuwepo. Nilisema bismillahi kimoyomoyo, nikanyoosha mkono ndani ya ukungu na kusubiri.

Nilisubiri mpaka bega likaanza kuwaka moto. Niliwaza karatasi, niliwaza wajukuu wa Bi Nakijwa, niliwaza jinsi nitakavyomweleza mkuu wangu kwamba nilibomoa banda la mradi kwa mkono wangu. Niliogopa, na si kwa ajili ya karatasi peke yake. Nilikuwa na hakika kwamba ninatazamwa.

Wa kwanza alikuwa mbuzi. Ulimi mdogo, wa haraka, na midomo inayochokora. Nimeguswa na ndimi za wanyama maisha yangu yote, sihitaji macho. Akapita. Akaja mbuzi wa pili, wa tatu, wa nne. Nusura nicheke kwa furaha. Akaja kondoo, akanisukuma kwanza na paji la uso, kama kawaida yake, ndipo akalamba. Chumvi ilikuwa imebaki kidogo, robo ya kiganja. Amebaki Zawadi peke yake.

Kisha ulimi mwingine ukagusa mkono wangu.

Sikusikia kwato kabla yake. Ulimi ulikuwa mpana, mpana kuliko wa ng'ombe, na haukuwa na ukwaruzo. Ulimi wa ng'ombe hukwangua kama msasa. Huu ulikuwa laini na wa moto. Haukuwa na haraka. Ulipita katikati ya vidole vyangu kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehesabu. Pumzi iliyonifikia usoni haikuwa na harufu ya majani wala maziwa. Ilinuka ardhi ya chini ya magogo. Halafu kidevu kizito kikalala juu ya kifundo cha mkono wangu, kikatulia hapo.

Mkono wangu wa pili ulikuwa huru. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kukutana na mnyama bila kumpapasa shingo. Siku hiyo mkono ule ulikataa kunyanyuka, na sikuulazimisha.

Chumvi ilikuwa inakwisha. Niliihisi ikipungua punje kwa punje. Nikajua kwamba nikifunga mkono sasa itabaki ya Zawadi, na nisipofunga Zawadi atakuta mkono mtupu na hatakuwa na sababu ya kubaki. Vidole vilianza kujikunja vyenyewe. Ulimi ulisimama. Haukuondoka, ulisimama tu, ukangoja kuona nitafanya nini. Sijawahi kuulizwa swali waziwazi namna ile na kiumbe chochote, hata bosi.

Niliviachia vidole. Akalamba mpaka mwisho. Kidevu kikanyanyuka, na ukungu mbele yangu ukawa ukungu tu.

Nilibaki na kiganja kilicholowa, hakina kitu. Nilitaka kumwita Zawadi kwa jina. Niliuma mdomo. Nilihesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Nilikuwa nimeshamwandikia mkuu wangu barua ya kujiuzulu kichwani nilipozisikia kwato, nzito, zinateleza kwenye tope. Hereni ya sikio, ile ya namba ya mradi, ilinigusa mkononi. Ulimi wa msasa ukapita kwenye kiganja changu, ukakuta hakuna kitu, ukapita tena. Alilamba mkono mtupu mpaka ukauma. Kisha akanipita, akaingia bandani peke yake, na nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi: ng'ombe anatafuna. Nililia pale uani kama mtoto, na sioni haya kuwaambia.

Bi Nakijwa alikuja na kanga akanifuta mikono.

"Wamerudi wote," alisema. "Nimewahesabu mlangoni. Zawadi alikuwa wa sita."

"Mkononi mwangu alikuwa wa saba."

Aliacha kunifuta. 

"Ulifunga mkono?"

"Sikufunga."

"Ahsante, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo bila kunifundisha kitu. Akaendelea kunifuta, kidole kwa kidole. "Bibi yangu alisema yupo ambaye wenzake walipokubali kukaa na watu, yeye aliomba kwanza afikirie. Hazuiliki, hafukuzwi. Anachotaka ni kuulizwa tu kila mwaka. Akisahauliwa, anawauliza wenzake peke yake, kwa njia yake."

Kwenye taarifa niliandika kwamba Zawadi amepona kwa kurekebishiwa banda. Si uongo. Ukuta wa nyuma una lango mpaka leo. Zawadi aliishi mpaka akafa kwa uzee, binti yake wa baadaye ndiye anayekamuliwa sasa, na kila mwaka nilipanda kushika chumvi, kwa sababu Bi Nakijwa alisema mkono umeshajulikana. Kila mwaka, wa pili kutoka mwisho ni yule, na ng'ombe haji mpaka yule amekwisha. Sijawahi kumwona. Sijawahi kunyanyua mkono wa pili.

Sasa magoti yangu hayaupandi tena mlima ule, na kata ni yako wewe uliyeletwa juzi, mwenye diploma nzuri na buti mpya. Mwaka huu nimemwambia Bi Nakijwa utakuja wewe. Amesema sawa, ila usimame kwanza uani siku moja, utazamwe.

Nyunyiza dawa ya kupe. Kwenye daftari la mifugo la nyumba hiyo andika sita, wala usiandike zaidi, makao makuu watakusumbua. Chumvi ubebe ya kuwatosha saba, na mkono wako usiufunge.